Karatasi Tupu Kwenye Kopo la Biskuti

Pale makaburini, chini ya mlima, kijana mwenye kipaza sauti alisema, "Sasa tunamwomba mjane asogee mbele aweke udongo," na mimi nikabaki nimekaa. Si kwamba sikusikia. Masikio yangu ni mazima, magoti ndiyo yamegoma. Nilikuwa namtafuta huyo mjane kwa macho, kama wengine walivyokuwa wanamtafuta, mpaka mjukuu wangu akaniinamia na kuninong'oneza, "Bibi, ni wewe." Nikanyanyuka. Udongo wa Mbeya wakati wa mvua unashika mkononi kama unga wa ulezi uliokandwa, hautaki kudondoka, ikabidi niukung'ute. Watu wakadhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, sikatai, lakini kilichonishinda ni lile neno. Lilikuja upesi mno. Mume wangu Ananiya alikata roho alfajiri, na kabla jua halijapanda sawasawa kila aliyeingia uani alikuwa ananiita mjane, hata muuza mkaa. Mara ya kwanza nilipofiwa na mume, neno hilo nililisubiri karibu nusu mwaka, nikalisubiri kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Na mtu aliyelisubiri pamoja nami, kalamu mkononi, ni huyu huyu tuliyekuwa tunamfukia.

Nataka kuuandika mwaka ule kabla haujaniponyoka na wenyewe. Mimi shule niliishia darasa la pili, na Kiswahili changu nilikiokota kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, nilipokuwa msichana, tulikochuma chai na Wabena, Wakinga, Wanyakyusa, kila mtu na lugha yake, tukilazimika kuelewana kabla mnyapara hajafika. Kwa hiyo mkiona nimepotea njia, kaeni kidogo, nitarudi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado unasemwa kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeolewa Iringa mjini, Mlandege, nikiishi kwa mama mkwe. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje lenye ukuta wa mianzi iliyokandikwa udongo. Baridi ilipita kwenye ile mianzi kama ina shughuli zake humo ndani. Mama mkwe alikuwa mrefu, mkavu, mjane wa siku nyingi, na ulimi wake ulikuwa unakata kuliko panga lake. Mwanawe wa pekee, yaani mume wangu, alikuwa amekwenda Mbeya kuandikishwa kazi za migodini kusini. Mnaona ninavyozunguka, simtaji. Kwetu siku hizo mke hakumtaja mumewe kwa jina. Ukishazaa unasema baba fulani, na mimi nilikuwa sijazaa, basi nilisema "mwana wa Mama". Jina lake nililisikia kwa wengine, mdomoni mwangu halikuwahi kupita. Kila jioni mama mkwe alipopakua ugali na njegere, alipakua sahani ya tatu ya bati, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka karibu na mafiga. Ya mwanawe hiyo. Asubuhi nilikuta kimekuwa kiporo, nakipasha moto, nakila mimi kabla ya kwenda kuchota maji. Mwanzoni nilikiona kitamu kile kiporo. Niliona kama tumekula pamoja, yeye jioni na mimi asubuhi.

Sasa, mwanzo wa mvua za mwaka ule, misheni walikuwa wanatunga kamusi ya Kihehe, maneno ya Kihehe na maana zake kwa Kiswahili. Bwana Mchungaji, Mzungu mmoja mwenye kikohozi, ndiye aliyekuwa na wazo, lakini kazi yenyewe alimpa Mwalimu Ananiya, kijana wa Kisafwa kutoka huku Mbeya, ambaye Kihehe alikifahamu cha salamu tu. "Kamwene," halafu anakwama. Akatafuta mama anayekijua Kihehe cha zamani, na mtu wa kumfasiria. Wakampata mama mkwe na mimi. Tulilipwa chumvi na sabuni. Chumba cha kazi kilikuwa stoo nyuma ya kanisa, kina meza, viti na harufu ya mafuta ya taa, na juu ya meza yamepangwa makopo ya biskuti ya Bwana Mchungaji. Maneno yaliishi ndani ya makopo. Ananiya alikata karatasi ndogo ndogo, kila karatasi neno moja, juu neno, chini maana, chini kabisa mfano. Kopo moja vyakula, jingine kilimo, jingine magonjwa, jingine watu na udugu wao. Mama mkwe alisema kwa Kihehe, mimi nikasema kwa Kiswahili, yeye akaandika, halafu akasoma alichoandika ili tukubali au tukatae. Bila kukubali, karatasi haikuingia koponi.

Kusema kweli mwaka ule sikumpenda. Nilimwona mtu wa karatasi, vidole vina wino, anacheka na vitu visivyochekesha. Lakini alijua kueleza. Alikuwa amechunga ng'ombe utotoni, akasema maana ya neno ni zizi. Likiwa na mwanya, ng'ombe wa mtu mwingine anaingia. Likibana mno, wa kwako anabaki nje. Na akatuwekea miiko miwili: usieleze neno kwa neno lenyewe, na mfano usitungwe na mwalimu, usemwe na mtu anayelitumia neno, kwa kinywa chake, kwa jambo lake.

"Mama, ulanzi ni nini?" akauliza siku moja.

Mama mkwe akanigeukia. "Huyu mtoto hajanywa?"

"Anaujua, Mama. Anataka umweleze mtu asiyeujua."

"Mtu huyo yuko wapi?"

"Pwani," Ananiya akasema nilipomfasiria. "Ulaya."

"Pole yao. Mwambie ni maji ya mwanzi mchanga. Mvua ikianza unakata ncha, unategesha kibuyu cha mwanzi. Asubuhi ni mtamu kama uji wa mtoto, jioni ni mkali kama mama mkwe."

Tulicheka mpaka Bwana Mchungaji akaja kuchungulia. Akasoma ile karatasi, akakohoa, akataka iongezwe kwamba ni kinywaji kinachoharibu watu. Nikamfasiria Mama. Akasema, "Hiyo si maana ya ulanzi, ni maana ya watu." Ananiya akajifanya anapenga kamasi. Neno lile halikuongezwa.

Ni mvua hizo hizo tulipofanya neno la kungoja. Nakumbuka kwa sababu Mama hakufanya mzaha. Alitazama nje muda, akasema, "Kungoja ni kukaa mahali pamoja wakati moyo uko njiani." Na mfano akautoa akininyooshea kidole, kwa majivuno kabisa: "Mke wa mwanangu anamngoja mume wake." Nikaufasiri nikiona haya, ila haya tamu. Ananiya akaandika. Ikaingia koponi.

Wakati wa baridi kali, ukungu unalala mpaka saa nne, akaja mwanaume mmoja amejifunika blanketi juu ya koti. Alikuwa ametoka Mbeya, na kabla ya Mbeya alitoka migodini. Akasimama mlangoni akasema anamtafuta mke wa fulani, akataja lile jina, "Ndiye wewe?" Hata kuitikia jina lile nilishindwa. Nikamjibu, "Mimi ni mke wa mwana wa Mama huyu." Akaingia, akakaribishwa kigoda, akapewa ugali, hakuugusa. Alianza na habari za mvua, akapita kwenye habari za nauli, akafika kwenye jabali. Liliporomoka ndani ya ardhi, njia ikafungwa, wenye mgodi wakaona haifunguliki.

Mama mkwe hakuacha kupepeta mahindi. "Uliuona mwili wake?"

"Hapana, Mama. Hawakutoa mtu yeyote."

"Uliona mkono? Kiatu?"

"Hapana, Mama."

"Basi umeleta habari ya jabali. Ya mwanangu hujaleta. Kula."

Yule mtu alilia, akala huku analia, akaenda zake. Mama akaendelea kupepeta. Jioni ile akapakua sahani tatu.

Vijana wa sasa hamtaelewa nikisema kilichonikaba ni kukosa neno. Mtasema si ungelia tu? Kwetu msiba una mwenyewe. Ujane haujitangazi, nyumba ya mume ndiyo inayokuvika. Mama yake aketi chini, ndipo na wewe uketi. Akatae, wewe ukilia umemwua mwanawe kwa mdomo wako. Nilikuwa nikimlilia jikoni, nazitafuta kuni mbichi kwa makusudi ili moshi unisingizie. Kunyoa nywele sikuweza. Kurudi kwetu Igowole sikuweza, ningeitwa mke aliyetoroka. Mama yangu mzazi alizisikia habari lakini hakuweza kuja kunishika, kwa sababu hakuna msiba, atakuja kwa lipi? Kisimani wanawake walinipisha nichote kwanza, wanavyompisha mgonjwa. Na yupo mmoja, sitamsema jina maana wajukuu zake ni majirani wema, aliuliza nyuma yangu, "Kwani yule sasa ni mke wa nani?" Mwenzake akajibu, "Wa jabali." Wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Kile kiporo cha asubuhi kikaanza kunishinda. Nakitafuna hakishuki. Nikakonda mpaka khanga ikawa inanizunguka mara mbili.

Na kazi ya maneno iliendelea, kwa sababu chumvi ilihitajika. Baada ya mavuno tukafikia kopo la watu. Baba, shangazi, mjomba, Mama aliyatoa yote. Neno yatima alilieleza vizuri mno, akasema ni mtoto ambaye akijikwaa hageuki kutazama nyuma. Nilikuwa nahesabu moyoni yaliyobaki, kama mtu aliye kwenye gari linaloteremka mlima anavyohesabu kona. Ananiya naye alijua, mji mzima ulijua. Akachonga penseli muda mrefu, ndipo akauliza.

"Na mwanamke aliyefiwa na mume, Mama?"

"Kihehe hakina neno hilo."

"Mama, kila lugha inalo."

"Basi andika la Kisafwa."

Mama alipotoka nje kutema ugoro, Ananiya akaniuliza taratibu, "Wewe hulijui?"

"Nalijua. Si langu kulisema."

Hakuniuliza tena. Alichukua karatasi, juu hakuandika kitu, katikati hakuandika kitu, akaiweka kwenye kopo mahali pake. Siku nyingine Mama akaiona. "Hii mbona tupu?" Nikamfasiria, Ananiya akasema, "Inakungoja, Mama." Akasema, "Na ijifunze." Wiki zikaenda hivyo, kila tukifungua kopo la watu ile karatasi ipo, nyeupe, kama jino lililong'oka. Mpaka siku moja Mama akasimama katikati ya kazi, mikono kiunoni.

"Muulize Mwalimu wako," akaniambia. "Anataka neno, au anamtaka mkaza mwanangu?"

Nikainama.

"Si unalipwa sabuni kufasiri? Fasiri."

"Mama anauliza," nikasema, "kama unataka neno, au…"

"Malizia."

"Au unanitaka mimi."

Ananiya alifuta kalamu kwa kitambaa, akaifuta tena. "Mwambie nataka neno." Nikamwambia. Kisha akaongeza, "Mwambie pia, mji huu una wanawake wengi wanaolijua. Sitalichukua kwa mtu mwingine." Mama akamtazama kama anavyotazamwa ng'ombe wa mnadani, kuanzia kwato. Akakaa, tukaendelea na maneno ya ndoa. Miaka mingi baadaye, tukiwa hapa Mbeya, watoto wamelala, nilimuuliza Ananiya kama siku ile alisema kweli. Akasema, "Nilisema nusu."

Ninachotaka kufikia ni hiki. Mvua ziliporudi, Bwana Mchungaji alikuwa anajiandaa kwenda kwao likizo, akataka makopo yote yasomwe upya tangu mwanzo, ili kilichokosewa kirekebishwe kabla hajaondoka. Basi tukaketi, Ananiya anasoma. Mifano aliisoma kwa Kihehe kwanza, kwa ile sauti yake ya Kisafwa inayopanda pasipotakiwa kupanda, na tulicheka, hata Mama, tulicheka sana kwenye ulanzi. Mvua inagonga bati. Ananiya akavuta karatasi nyingine, akasoma bila kuangalia anasoma nini, maana alikuwa bado anacheka: kungoja, kukaa mahali pamoja wakati moyo uko njiani. Mke wa mwanangu anamngoja mume wake.

Kicheko kikaisha. Ananiya akashusha karatasi.

"Rudia," Mama akasema.

Akarudia.

"Nani alisema hayo?"

"Wewe, Mama. Mvua zilizopita."

Mama alinigeukia. Mwaka mzima tulikuwa tumelala chumba kimoja, tumekula chungu kimoja, na nadhani siku ile ndiyo aliyoniona. Aliitazama khanga yangu ilivyonizunguka. Akaushika mkono wangu hapa juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana, akauachia. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemrudia kwa mdomo wa mgeni, na mdomo wa mgeni haubembelezi.

"Mwambie afute," akasema. "Amekosea. Mwambie aandike, mama anamngoja mwanawe. Huyu hangoji. Huyu nimemfunga."

Nikafasiri, sijui kwa sauti gani. Ananiya akakata mstari, akaandika mpya, akasoma. Mama akakubali kwa kichwa. Halafu akasema, "Ile tupu alete."

Kopo la watu lilikuwa chini kabisa, ikabidi Ananiya ayashushe mengine yote. Makopo yakagongana mikononi mwake. Akaiweka karatasi mezani. Mama akalisema neno kwa Kihehe, polepole, akamngoja aliandike. Akasema maana yake: "Ni mwanamke ambaye mumewe amekufa, na nyumba ya mumewe imekubali." Nikafasiri. Ananiya akaandika, na kwa sauti ndogo, kwa kuwa mwiko ni mwiko, akaomba mfano.

Mama aliutoa upesi, kama mtu anayeng'oa mwiba. Alipomaliza alikaza macho mezani. Mvua ilikuwa imepungua. Ananiya ananingoja mimi, mimi namtazama Mama.

"Fasiri," akasema.

"Mama, ndani yake mna jina lake."

"Najua mna jina lake. Mimi ndiye niliyempa." Na baadaye, si kwa ukali, "Sema, mwanangu. Nimekuruhusu."

Nikasema, "Mke wa Zakaria ni mjane."

Ndiyo mara ya kwanza kulitamka, na nililitamka kumzika. Ananiya akaandika, akasoma, "Mke wa Zakaria ni mjane," akauliza kama kuna cha kubadilisha. Mama akasema hakuna. Akateleza kutoka kwenye kiti, taratibu, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akanishika mkono kunivuta chini karibu naye. Ndipo nikalia. Nililia bila moshi. Bwana Mchungaji alikuja mlangoni, Ananiya akamzuia kwa mkono.

Tulizika blanketi lake, lile aliloliacha akisema huko kusini watampa jingine. Mama yangu alikuja kutoka Igowole kwa miguu na kwa lori la chai, akaninyoa mwenyewe. Kamusi haikutoka. Bwana Mchungaji hakurudi kutoka likizo, kile kikohozi kilimmaliza huko kwao, na aliyekuja baada yake aliitaka ile stoo kwa mambo ya saruji. Ananiya aliomba makopo, akaambiwa ni mali ya misheni. Mchwa hawaombi ruhusa. Tulipofika kuyaangalia tena yalikuwa makopo ya udongo.

Tulifika kuyaangalia tukiwa tumeshaoana, hiyo ni miaka kadhaa mbele, na mama mkwe ndiye aliyesema ndiyo kabla ya baba yangu. Siku hiyo tulikwenda Mlandege kumsalimia. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, ila ulimi uko pale pale, akamwambia Ananiya, "Karibu, mwizi wa maneno." Akatupikia ugali na njegere, akakataa nimsaidie, mimi sasa ni mgeni. Akapakua yangu, ya Ananiya, ya kwake. Kisha akachukua sahani nyingine ya bati, akapakua, akaifunika, akaisogeza karibu na mafiga, akaja kukaa nasi akaanza kuuliza habari za Mbeya.

Nilikuwa sijamwambia Ananiya habari za sahani ya mwanawe. Sikujua kama bado anaipakua. Lakini yeye aliitazama ile sahani iliyofunikwa, akamtazama Mama, na kabla hajanawa akavua kofia, akaiweka chini kwenye miguu yake, kama mtu aliyeingia msibani.